Mtoto Akiumia: Je, Apigwe Picha?

Mwembe, jabali, mkokoteni wa ng'ombe, baiskeli, bodaboda: watoto wa Singida wana mahali pengi pa kuangukia na vitu vingi vya kuwagonga. Mtoto akishaumia, swali la kwanza la mama au mlezi huwa moja: "Apigwe picha?" Wengine hudai eksirei hata pale ambapo haitasaidia. Wengine huuza mbuzi na kusafiri hadi Dodoma kutafuta CT-Scan ambayo mtoto hakuihitaji. Na wapo wanaobaki nyumbani na mtoto aliyepaswa kufikishwa hospitali saa ileile.

Makala hii inaeleza ni picha ipi hutumika kwa jeraha lipi, utafiti unasema nini, na wewe mzazi au mlezi una nafasi gani katika uamuzi huo. Jambo kubwa la kushika ni hili: picha hujibu swali, na swali hilo hutokana na yale uliyoyaona wewe pamoja na yale daktari anayoyakuta akimpima mtoto. Maelezo yako yakiwa sahihi, mtoto hupata picha anayoihitaji na huepushwa na ile asiyoihitaji.

Nenda hospitali mara moja

Usisubiri kukuche wala usijaribu dawa za nyumbani ukiona mojawapo ya dalili hizi baada ya mtoto kuumia:

- Amezimia, au anaamka kwa shida na kurudia kulala.
- Amepata degedege.
- Anatapika tena na tena.
- Damu au majimaji yanatoka puani au masikioni baada ya kuumia kichwa.
- Anapumua kwa shida au kwa haraka kuliko kawaida.
- Tumbo limevimba, limekaza, au linauma sana akiguswa.
- Anakojoa damu.
- Mkono au mguu umepinda, mfupa umetokeza, au vidole vimekuwa vya baridi na vimepauka.
- Damu haikomi baada ya kubana jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika 10.
- Hawezi kusogeza mikono au miguu, au anasema shingo inamuuma sana.

Mtoto aliyegongwa na chombo cha moto au aliyeanguka kutoka juu asinyanyuliwe kwa kuvutwa mkono au kichwa. Mlazeni juu ya kitu kilichonyooka, kichwa na shingo vikiwa sambamba na mwili, na mtu mmoja ashike kichwa kisichezecheze. Asile wala asinywe mpaka daktari aruhusu, kwa sababu huenda akahitaji upasuaji.

Ukifika kituoni, jambo la kwanza halitakuwa picha. Watoa huduma huanza kuangalia kama mtoto anapumua vizuri na kama damu inatoka, kisha huyatibu hayo. Hawajachelewa wala kupuuza. Mtoto anayevuja damu anaweza kufa akiwa kwenye foleni ya eksirei au njiani kufuata CT-Scan.

Aina za picha kwa ufupi

Eksirei huonyesha mifupa na mapafu. Hupatikana katika hospitali nyingi za wilaya na za mashirika ya dini, na huchukua dakika chache.

Altrasaundi ndiyo ileile wajawazito wanayoifahamu. Haitumii mionzi. Kwa mtoto aliyeumia, hutumika kutafuta damu iliyovujia tumboni au kuzunguka moyo.

CT-Scan hupiga picha nyingi kwa kuzunguka mwili, na huonyesha ubongo, ini, bandama na figo kwa undani. Hutumia mionzi mingi zaidi kuliko eksirei. Miaka ya karibuni serikali imenunua mashine hizi kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa, hivyo safari ya Dodoma si ya lazima kila mara kama ilivyokuwa zamani.

MRI haitumii mionzi, lakini huchukua muda mrefu na mtoto lazima atulie kabisa. Ni nadra kuhitajika katika saa za kwanza baada ya ajali.

Akiumia kichwa

Hili ndilo jeraha linalowatia walezi hofu kubwa, na ni miongoni mwa yaliyochunguzwa kwa kina. Mwaka 2009 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa watoto 42,412 walioumia kichwa na kupelekwa katika vituo 25 vya dharura Amerika ya Kaskazini. Kati yao, 376 walikutwa na jeraha kubwa la ubongo, yaani chini ya mtoto mmoja katika kila 100. Waliohitaji upasuaji wa ubongo walikuwa 60. Watafiti walitaka kujua ni dalili zipi zinaweza kumsaidia daktari kumtambua mtoto ambaye hana haja ya CT-Scan. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana kanuni inayowagawa watoto katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni watoto wanaohitaji CT-Scan mapema. Hawa ni wale ambao hawajitambui vizuri: wamesinzia isivyo kawaida, wanahangaika bila kutulia, wanauliza swali lilelile kila mara au wanachelewa kujibu. Wamo pia watoto wa chini ya miaka 2 ambao daktari akiwapapasa anahisi mfupa wa fuvu umevunjika, na wa miaka 2 na kuendelea wenye dalili za kuvunjika kwa kitako cha fuvu, kama vile weusi kuzunguka macho yote mawili au nyuma ya sikio. Katika kundi hili, takriban watoto 4 kati ya 100 walikuwa na jeraha kubwa la ubongo.

Kundi la pili ni watoto wanaoweza kuangaliwa kwanza kwa saa kadhaa. Kwa mtoto wa chini ya miaka 2, dalili ni hizi:

- Ana nundu pembeni mwa kichwa, utosini au kisogoni. Nundu ya kwenye paji la uso haina uzito huo.
- Alipoteza fahamu kwa sekunde 5 au zaidi.
- Ameanguka kutoka kimo cha zaidi ya sentimita 90, kama vile juu ya meza ndefu.
- Mlezi anasema, "Mtoto huyu hayuko kama kawaida yake."

Kwa mtoto wa miaka 2 na kuendelea:

- Alipoteza fahamu, hata kwa muda mfupi.
- Ametapika.
- Analalamika kichwa kinamuuma sana.
- Ameanguka kutoka kimo cha zaidi ya mita 1.5.

Mtoto wa umri wowote aliyegongwa na gari au pikipiki akitembea kwa miguu, au akiendesha baiskeli bila kofia ngumu, naye huingia kundi hili. Hapa takriban mtoto 1 kati ya 100 alikuwa na jeraha kubwa. Mara nyingi daktari humweka mtoto chini ya uangalizi kwa muda wa saa 4 hadi 6 tangu alipoumia. Akizidi kuchangamka, anaruhusiwa bila CT-Scan. Dalili zikiongezeka, anapigwa. Mtoto mchanga wa chini ya miezi mitatu, au mwenye dalili zaidi ya moja, daktari anaweza kuamua apigwe mapema.

Kundi la tatu ni watoto wasio na dalili hata moja kati ya hizo. Uwezekano wao wa kuwa na jeraha kubwa la ubongo ni chini ya 1 kati ya 2,000 kwa wenye miaka 2 na kuendelea, na chini ya 1 kati ya 5,000 kwa walio wadogo zaidi. Hawa hawahitaji CT-Scan. Daktari akikwambia mrudi nyumbani bila picha, ametumia ushahidi, hajakudharau.

Rudi kidogo kwenye dalili ya mtoto ambaye "hayuko kama kawaida yake." Neno la mlezi limo ndani ya kanuni yenyewe, kwa sababu wewe ndiye unayemjua mtoto huyo anavyonyonya, anavyocheza na anavyolia. Kwa hiyo usione aibu kusema. Na kama aliyekuwepo mtoto alipoanguka ni bibi, shangazi au kaka yake mkubwa, njoo naye hospitali au mpigie simu aongee na daktari.

Eksirei ya fuvu isikupumbaze

Pale ambapo CT-Scan haipo, baadhi ya walezi huomba "angalau eksirei ya kichwa." Eksirei huonyesha mfupa wa fuvu, haionyeshi ubongo. Mtoto anaweza kuwa na fuvu zima huku damu ikivujia ndani, na mwingine akawa na ufa mdogo huku ubongo ukiwa salama. Jibu la "eksirei iko sawa" linaweza kumrudisha nyumbani mtoto aliye hatarini. Pasipo na CT-Scan, kumwangalia mtoto kwa karibu kituoni kuna faida kubwa kuliko picha hiyo. Zikijitokeza dalili za hatari, apewe rufaa mapema.

Kumbuka pia kwamba usingizi mzito na kutapika vinaweza kuletwa na malaria. Kama mtoto alikuwa na homa kabla ya kuanguka, sema, ili apimwe malaria pamoja na kuchunguzwa jeraha.

Ukirudi naye nyumbani

Kwa saa 24 za kwanza awe na mtu mzima anayemwangalia. Anaruhusiwa kulala. Usiku mwamshe kama daktari alivyoelekeza, uone kama anakutambua na anaitika. Kwa maumivu mpe paracetamol kwa kipimo cha uzito wake, na usimpe aspirini. Akianza kutapika tena na tena, akichanganyikiwa, akitembea kwa kuyumba, au maumivu ya kichwa yakizidi, mrudishe usiku huohuo.

Akiumia mkono au mguu

Hapa eksirei ndiyo picha ya kwanza. Hata hivyo, si kila kuteguka kunahitaji eksirei. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walichapisha kanuni ya kifundo cha mguu, na baadaye tafiti zilionyesha inafaa pia kwa watoto wa zaidi ya miaka 5. Daktari hubonyeza mfupa wa pembeni mwa kifundo kwa nyuma na kwenye ncha yake, pande zote mbili. Humwomba pia mtoto atembee hatua 4. Kama mfupa hauumi ukibonyezwa na mtoto anatembea hatua hizo, hata kwa kuchechemea, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana.

Kiwiko kinahitaji umakini wa pekee. Mtoto wa miaka 5 hadi 7 aliyeanguka akajishikiza kwa mkono, kisha kiwiko kikavimba na hawezi kukinyoosha, anahitaji eksirei siku hiyohiyo. Mfupa ukivunjika juu kidogo ya kiwiko unaweza kubana mshipa wa damu unaolisha mkono mzima.

Mifupa ya watoto ina sehemu laini za kukulia ambazo hazionekani vizuri kwenye eksirei. Wakati mwingine ufa mdogo hauonekani siku ya kwanza. Kama picha ni safi lakini mtoto bado anaumwa palepale au amegoma kukanyaga, daktari anaweza kumfunga kana kwamba amevunjika na kurudia picha baada ya siku 10 hadi 14, mfupa unapokuwa umeanza kuunga. Ukipangiwa tarehe hiyo, usiikose.

Kabla ya kufika kituoni, funga kiungo kwa banzi la vipande vya mbao au kadibodi nene, kikae kama ulivyokikuta. Usikivute kukinyoosha. Usikubali kikandwe wala kifungwe kwa kukazwa kabla ya kupigwa picha. Kukanda mfupa uliovunjika husogeza vipande vyake, na kufunga kwa kukaza huzuia damu, jambo linaloweza kumfanya mtoto akatwe kiungo.

Hatari hiyo ipo hata kwa hogo la hospitali, kwa kuwa kiungo huendelea kuvimba ndani yake. Rudi mara moja, hata kama ni usiku, ukiona vidole vimekuwa vya baridi, vimebadilika rangi au vimekufa ganzi, au mtoto analia zaidi unapomnyoosha vidole.

Akiumia tumbo au kifua

Mtoto aliyegongwa na gurudumu, aliyepigwa teke na ng'ombe au aliyeangukia usukani wa baiskeli anaweza kuonekana mzima kwa saa kadhaa huku ini au bandama ikivuja damu ndani. Mweleze daktari kilichompiga na mahali kilipompiga, hata kama ngozi haina alama.

Altrasaundi husaidia hasa pale inapoonyesha damu kwa mtoto ambaye hali yake inazorota, kwa kuwa daktari hujua pa kuanzia. Kwa mtoto aliyetulia, altrasaundi safi haitoshi kusema hakuna tatizo. Utafiti wa watoto 925 waliopigwa kifuani au tumboni, uliochapishwa Marekani mwaka 2017, haukuona kwamba kuongeza altrasaundi ya haraka kwa watoto waliotulia kulipunguza CT-Scan au kuboresha matokeo yao. Ndiyo sababu daktari anaweza kumlaza mtoto na kumbonyeza tumbo kila baada ya muda, kumpima mkojo na damu, ingawa altrasaundi imetoka safi. Kubali alazwe.

Je, mionzi ina madhara?

Sote hupokea mionzi kidogo kila siku kutoka ardhini na angani. Eksirei ya mkono au mguu huongeza kiasi kisichofikia cha siku moja ya mionzi hiyo ya kawaida. Eksirei ya kifua ni sawa na ya siku chache. CT-Scan ya kichwa ni sawa na ya miezi kadhaa, hata kukaribia mwaka.

Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba, kwa kila watoto 10,000 wa chini ya miaka 10 waliopigwa CT-Scan ya kichwa, katika miaka 10 iliyofuata huongezeka mmoja mwenye saratani ya damu na mmoja mwenye uvimbe wa ubongo. Hatari hiyo ni ndogo. Mtoto anayevuja damu kichwani ana hatari kubwa zaidi akikosa picha. Lakini kwa mtoto asiye na dalili hata moja, CT-Scan humwongezea mionzi bila faida.

Nchini kwetu, Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania (TAEC) ndiyo inayosimamia usalama wa mashine za mionzi. Ukitakiwa kumshika mtoto wakati wa kupigwa picha, omba aproni maalumu ya kujikinga.

Kama una mimba au unahisi unayo, mwambie mtaalamu, na mtu mwingine amshike mtoto. Ikiwa ni wewe mjamzito uliyeumia, usikatae picha inayohitajika kuokoa maisha yako. Eksirei ya mkono, mguu au kifua humfikishia mtoto aliye tumboni mionzi kidogo mno, na altrasaundi haina mionzi kabisa.

Mkipewa rufaa

Kutoka Singida mjini hadi Dodoma, iliko Hospitali ya Benjamin Mkapa, ni takriban kilomita 240. Safari hiyo, au ile ya kutoka kijijini hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ina gharama na hatari zake. Kabla ya kuondoka:

- Omba kituo kipige simu kuuliza kama mashine inafanya kazi siku hiyo na kama mtaalamu yupo.
- Hakikisha maumivu yametulizwa, damu imezuiwa na kiungo kimefungwa banzi.
- Beba barua ya rufaa pamoja na picha zilizokwisha kupigwa, zikiwa kwenye filamu, CD au simu. Zitamwepusha mtoto na kupigwa tena.
- Kwa ajali ya barabarani au kipigo, fomu ya polisi ya PF3 inahitajika. Dharura hutibiwa kwanza, hivyo mtume ndugu akaifuate polisi wakati mtoto anahudumiwa.
- Sera ya afya imeweka msamaha wa malipo kwa watoto wa chini ya miaka 5 katika vituo vya umma. Ukikwama kwa gharama, omba kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali.

Kwa mtoto mchanga ambaye bado hajaanza kutambaa, daktari anaweza kuuliza maswali mengi na kuagiza picha zaidi. Huo ni utaratibu wa kumlinda mtoto. Jibu kwa ukweli.

Maswali ya kumuuliza daktari

1. Picha hii inatafuta nini?
2. Majibu yake yatabadilisha matibabu ya mwanangu?
3. Kuna njia isiyo na mionzi, kama altrasaundi au kumwangalia kwa saa kadhaa?
4. Tukisubiri, ni dalili gani zitufanye tupige picha?
5. Majibu yakitoka safi, bado nichunge nini nyumbani?

Daktari au muuguzi mzuri hachukizwi na maswali haya. Nawe ukiulizwa, sema saa aliyoumia, alianguka kutoka kimo gani, aliangukia nini, kama alizimia na kwa muda gani, ametapika mara ngapi, na kama yuko vilevile unavyomjua. Maelezo hayo mtoe hata katika zahanati isiyo na mashine yoyote, kwa sababu ndiyo yatakayoonyesha kama mtoto wako arudi nyumbani, alazwe, au asafirishwe usiku huo.